Fungu la Mbwa

Mume wangu Yekosofati alifanya kazi ya jela miaka thelathini na moja, na hakuna mfungwa hata mmoja aliyewahi kusema kwamba Afande Yeko alimpunja posho yake. Nalisema hili kwanza kwa sababu watu wa Malukhu siku hizi wanamsema vingine, na mimi mdomo wangu hauna breki. Kama ni kumlaumu, nitamlaumu mwenyewe, tena kwa sauti. Lakini dhuluma hana.

Nilimjua huko Bugembe, pale barabara kuu ya Jinja inapoelekea Iganga. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Ugunja pamoja na dada yangu Awuor, tukajenga kibanda, tukawa tunawapikia madereva wa malori wa kwetu Kenya chapati na nyama. Yeye alikuwa akija na sare ya jela, haketi, anasimama na sahani mkononi akilinganisha vipande. Siku moja akaniita. "Mama, hii yangu iko na nyama nne. Ya huyu dereva iko na tano. Kwa nini?" Nikamwambia huyo dereva ni mkwe wangu. Alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye majivu. Kiswahili chake cha kambini kilinichekesha tangu siku hiyo, kila kitu kwake ni "hii" na "iko", na nilipokubali kuolewa nilimwambia wazi kwamba mtoto wetu atasema Kiswahili cha mama yake.

Mtoto huyo alichukua miaka kumi na moja kuja. Tulimwita Ketty. Hakufuatwa na mwingine.

Mgao ulikuwa dini ya Yekosofati kabla ya dini yenyewe. Baba yake alikuwa mwindaji huko juu mlimani, nyuma ya Mbale, na ndiye aliyemfunza kwamba chakula kikishagawanywa kila fungu lina mwenyewe, na mwenyewe asipokuwepo, fungu halirudi chunguni. Jela, mfungwa akifa baada ya chakula kupimwa, maaskari wengine walikuwa wakiligawana lile fungu, maana maiti hana njaa. Yekosofati hakukubali. Alilibeba hadi nje ya ukuta, akaliweka chini, akasimama kando yake mikono nyuma mpaka jioni. Halafu akalala kwake vizuri. Wenzake walimwona ana wazimu kidogo, na mimi niliyelala naye siwezi kuwakatalia kabisa.

Alipostaafu tulihamia Malukhu, Mbale, karibu na mlima wake. Siku za kazi alilinda ghala moja kule upande wa viwanda, na Jumamosi akawinda. Hakuwa peke yake. Alikuwa na Timothy, polisi mstaafu mwenye pikapu inayowaka kwa kusukumwa, na mbwa watatu aliowapa vyeo: Sajini, Koplo na Mkuu. Mkuu ndiye aliyekuwa mvivu kuliko wote, na sikuuliza jina lilitoka wapi. Walikwenda kwenye nyika iliyo kaskazini ya mlima, kutafuta mbawala na ngiri kwa mikuki na wavu. Ni kosa, na wote wawili walijua ni kosa. Nilikuwa nikimwambia, "Afande, siku askari wa wanyama wakikukamata utafungwa na wale uliowafundisha kufunga." Akajibu, "Basi watanipa posho sawasawa."

Mnyama akianguka, mgao ulifanywa pale pale. Mguu wa nyuma ni wa mkuki wa kwanza. Shingo ni ya mwenye wavu. Mapafu na bandama ni fungu la mbwa, nao hupewa kwanza, nyama ikiwa bado ya moto, kabla ya binadamu kugusa chochote. Timothy aliwahi kumwambia wakawachemshie nyumbani. Yekosofati alikasirika. "Mbwa ndiye nakimbia. Mimi natembea tu. Iko haki kweli, mwenye kukimbia angojee jiko?"

Ini lilikuwa langu. Alinijua, napenda ini la kukaanga na kitunguu kingi. Miaka miwili ya kwanza nilikula na kushukuru. Mwaka wa tatu, kisu changu kilizama ndani ya ini la mbawala na maji yakaniruka usoni. Nilipiga kelele majirani wakaja. Ndani ya ini mlikuwa na vifuko vyeupe, kimoja kama yai lisilo na ganda, na ndani ya maji yake chembechembe kama mchanga.

"Hii ni maji tu," akasema Yekosofati. "Mnyama alikunywa maji mingi."

"Wewe ukinywa maji mengi yanakaa kwenye ini?"

"Kata hiyo mbaya, tupa kwa mbwa. Wao napenda."

Nikakata hiyo mbaya. Tangu siku hiyo kila Jumamosi kulikuwa na sehemu ya kukata, na kila Jumamosi niliijaza kwenye bakuli la plastiki la kijani, nikamwita Ketty aipeleke nyuma ya nyumba. Ketty na Koplo walikuwa chanda na pete. Koplo alikuwa jike jekundu lenye sikio moja lililochanika, na alimlamba mtoto usoni, mikononi, mdomoni, naye mtoto akala mkate kwa mikono ile ile. Niliwaona. Nilisema "Ketty, nawa mikono" kama mama yeyote anavyosema, huku namenya viazi, bila kuinua kichwa.

Jambo jingine lilikuwa likitokea huko porini, na Yekosofati alilisimulia kwa majivuno. Zamani mbwa walimkimbiza mbawala hadi jua linazama, na mara nyingi wakarudi na ulimi nje na mikono mitupu. Sasa walikuwa wakirudi na mnyama kabla ya saa sita. "Koplo siku hizi iko moto!" akasema. "Mimi nimefundisha yeye vizuri sana." Nikamwona akimpa mkono mbwa, kweli, kama anavyompa askari aliyepandishwa cheo.

Timothy hakuwa na furaha hiyo. Siku moja aliketi jikoni kwangu akiwa na kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Mama Ketty, mimi naona hawa nyama wanangojea sisi," akasema. "Nakimbia kidogo, halafu nasimama. Naangalia mbwa nakuja. Mdomo wazi. Nakohoa kama mzee."

"Labda wamechoka na maisha," nikamwambia. Nilidhani namchekesha.

Wanyama waliokuja baada ya hapo walikuwa wabaya kutazama. Manyoya yamenyonyoka mgongoni. Kupe wamejaa masikioni kama mbegu za mbono, wanono, wakati mwenye masikio ni mifupa. Jike mmoja alipasuliwa, hakuwa na mimba wala maziwa, na mapafu yake yalikuwa yamejaa vifuko, hata sijui alikuwa anavuta pumzi kwa kipi. Mbwa walipewa fungu lao. Yekosofati na Timothy walikuwa na maelezo mengi. Ng'ombe wa wafugaji wameleta ugonjwa. Ukame umeharibu majani. Wanaochoma makaa wamemaliza vivuli. Kila mtu alikuwa na mchawi wake, na huenda baadhi yao kweli walikuwa na kosa. Halafu Jumamosi zikaanza kupita bila mnyama kabisa. Nyika ambamo baba yake alihesabu mbawala arobaini kwa asubuhi moja, Yekosofati akatembea siku nzima akaona watatu, na watatu hao wakamtazama tu.

Ketty alikuwa na miaka tisa mwaka huo. Mbio ndizo zilizokuwa zake. Aliwashinda wavulana wa darasa lake na wa darasa la juu, na baba yake hakukosa siku ya michezo hata moja. Aliomba ruhusa ghalani, akavaa kofia ya zamani ya jela na kusimama kwenye kamba. Siku ya michezo ya mwaka huo mimi sikwenda. Ketty alikuwa na kikohozi cha wiki kadhaa, na zahanati moja ilikuwa imempa dawa ya malaria, kisha ya kikohozi, kisha ya minyoo ya kawaida. Tumbo lilikuwa limevimba kidogo upande wa kulia. Nilidhani ni ugali.

Yekosofati alirudi amemshika mkono. Hakuniamkia. Aliketi kwenye ngazi akavua kofia, akaiweka magotini.

"Alianza mbele," akasema. "Mbele ya wote. Halafu akasimama."

"Alianguka?"

"Hapana anguka. Alisimama tu, katikati. Mdomo wazi. Akageuka, naangalia wale wengine nakuja. Mama Ketty, mimi najua hii kusimama. Nimeona porini."

Nilimtukana. Nilimwambia anamfananisha mwanangu na nyama ya kuwindwa, na kama ana akili za namna hiyo akalale na mbwa wake. Lakini usiku huo niliweka sikio kwenye kifua cha Ketty, na upande wa kulia sikusikia kitu.

Awuor, ambaye bado alikuwa na kibanda chetu Bugembe, ndiye aliyesema tumlete. Kulikuwa na hospitali upande wa Jinja ambako daktari wa kupasua kifua alikuja mara mbili kwa mwezi. Tulikwenda. Picha ya kifua ilipowekwa kwenye taa, nilikiona mwenyewe, sikuhitaji kufasiriwa. Duara jeupe kwenye pafu la kulia, ukubwa wa chungwa. Walipompiga skani ya tumbo wakaona vingine vitatu vidogo kwenye ini. Yekosofati alisogea karibu na picha akaigusa kwa kidole.

"Hii ni maji," akasema kwa sauti ndogo. "Ndani iko maji."

Daktari alimgeukia. Alikuwa kijana mpole, mwenye uchovu machoni. "Mzee, wewe umejuaje?"

Kisha daktari akaeleza. Ni mnyoo wa mbwa. Mbwa akila mapafu au ini lenye vifuko, bila kupikwa, minyoo inaota tumboni mwake, midogo kuliko punje ya mchele, maelfu. Mbwa haumwi. Mayai yanatoka na mavi, yananata kwenye manyoya yake, kwenye ulimi wake, na mtoto akiyameza yanamea ndani yake polepole, mwaka hadi mwaka. Kifuko kikipasuka ndani ya kifua kabla ya kutolewa, anaweza kufa papo hapo. Kisha akauliza, akiwa na kalamu tayari kwenye faili, "Nyumbani mnao mbwa? Nani anawapa hayo mapafu?"

"Mimi," akasema Yekosofati. Alisimama wima kama yuko mbele ya hakimu. "Mimi ndiye natoa. Kila Jumamosi. Miaka tano."

Pale ndipo nilipopaswa kusema na mimi. Bakuli la kijani lilibebwa na Ketty, lakini aliyelijaza ni mimi. Sikusema. Ningesema, daktari angeandika mistari miwili badala ya mmoja, basi. Badala yake niligeuza uoga wangu wote nikamtupia mume wangu. Kwenye veranda, mbele ya wagonjwa na manesi, nilimwambia amemlisha mwanangu kifo kwa mkono wake mwenyewe, kwamba kikulacho ki nguoni mwako na mimi nguo yangu ni yeye. Alisikiliza yote. Operesheni ilikuwa kesho yake, Alhamisi. Aliniuliza kama anaweza kukaa.

"Ukitaka kufanya kitu," nikamwambia, "nenda Mbale ukawaue wale mbwa. Usirudi hapa wakiwa hai."

Akaondoka na basi la mchana.

Alhamisi, wakati Ketty yuko ndani, alikuja mwanamke mmoja kunitafuta kwenye benchi. Jina lake Namono, daktari wa wanyama, na daktari wa kifua alikuwa amempigia simu. Alikuwa akichunguza wanyama wa nyika ile ile kwa miaka miwili, akipima damu na mavi, akihesabu mizoga. Alizungumza nami taratibu huku mlango wa chumba cha operesheni ukiwa umefungwa mbele yetu. Mbwa wa wawindaji, alisema, hawaachi nyayo tu porini. Wanaacha mayai kwenye majani. Mbawala anayala pamoja na majani, vifuko vinamea kwenye mapafu, mnyama anakosa pumzi, mbwa wanamkamata kwa urahisi, wanapewa mapafu yake. Na mzunguko unaanza tena. Mnyama aliyedhoofika hivyo hata kupe hawezi kujikuna, na jike hashiki mimba. Niliona mkono wa Yekosofati ukimpa pongezi Koplo.

Kisha akafungua mkoba akanipa bahasha. Ndani yake mlikuwa na vidonge.

"Vya mbwa," akasema. "Kimoja kimoja kila mbwa, na kila baada ya wiki sita mnarudia. Mavi yao muyachome. Mapafu wasipewe tena mabichi. Hakuna haja ya kuwaua, mama. Watu wengi hukimbilia kuua."

Niliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na robo. Nilimpigia Yekosofati mara tisa. Hasira hasara, tunasema, na tunalisema kirahisi kwa sababu mara nyingi hasara yenyewe ni sahani iliyovunjika.

Alipokea mara ya kumi. "Imekwisha," akasema. "Ketty iko namna gani?"

Ketty alitoka salama. Kifuko kilitolewa kizima bila kupasuka, na vile vya ini wangepigana navyo kwa dawa, miezi mingi, na picha kila baada ya muda. Daktari alisema ataishi. Nililia mpaka Awuor akanifuta uso kwa kitenge kama mtoto mchanga.

Yekosofati alifika Ijumaa. Udongo ulikuwa bado kwenye kucha zake. Aliniambia mara moja tu, na sijamwomba arudie. Aliwapikia kwanza, ugali wa posho na nyama, mafungu matatu sawasawa. Sajini na Mkuu alianza nao nyuma ya nyumba. Koplo alimwita mwisho, na Koplo alipouona mkuki alidhani ni Jumamosi. Alikuja akitingisha mkia, akatangulia mbele njiani, akageuka kumngojea.

Namono alikuwa amerudi kumwona mtoto, kwa hiyo nililazimika kumwonyesha mume wangu bahasha mbele yake. Alivimimina vidonge kwenye kiganja, akavitazama. Nilingoja anitukane kama nilivyomtukana. Ningefurahi. Alimuuliza Namono jambo moja tu.

"Daktari, hii dawa ya mbwa. Wale wa porini, wale mbawala, nani natoa kidonge kwao?"

"Hakuna, mzee," akasema Namono. "Wale hakuna wa kuwapa."

"Mayai iko kwenye majani miaka ngapi?"

"Mwaka. Pengine zaidi."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa hukumu na anaiona ni ya haki. Akavirudisha vidonge kwenye bahasha kimoja kimoja, akampa Namono, akasema ampe mtu mwingine mwenye mbwa.

Jumapili Ketty aliweza kuketi. Awuor alileta kuku kutoka Bugembe, na mtoto akala paja zima, mimi nikishangilia kila anapomeza. Halafu nikamwona anachambua kipande kizuri, chenye ngozi, anakikunja kwenye karatasi ya chapati.

"Papa," akasema. Sauti yake ilikuwa bado nyembamba. "Hili ni fungu la Koplo. Ukienda Mbale umpelekee. Usimpe Mkuu, atalimeza tu bila kusikia utamu."

Yekosofati alinitazama. Nilitazama ukuta.

"Nitapelekea yeye," akasema. Akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akatoka.

Sikumfuata mara moja. Ketty alilala, akaamka, jua likageuka. Mfagiaji aliniambia kuna mzee nje anafukuza kaloli, na wagonjwa wanamcheka. Nikatoka. Nyuma ya wodi, chini ya ukuta, karatasi ilikuwa imefunguliwa kwenye majani na kipande cha kuku kikiwa juu yake. Yekosofati alikuwa amesimama kando, wima, mikono nyuma. Kaloli watano, wale ndege wakubwa wa jalalani, walikuwa wamemzunguka kwa mbali wakimngojea achoke.

Nilisimama karibu naye. Nilitaka kumwambia juu ya bakuli la kijani. Nilianza, nikasema, "Baba Ketty, mimi ndiye niliyekuwa nikikata ile sehemu mbaya," naye akasema, "Najua. Nilikuwa hapo." Hakuniangalia. Hakuondoka pale.

Dirisha la wodi lilikuwa wazi juu yetu. Ketty alikuwa ameamka tena, amepoteza hesabu ya saa, ananiita na kuuliza habari za Koplo.

"Anauliza kama Koplo alishiba," nikamwambia.

Alifikiri. Miaka ishirini tumekaa pamoja, sijawahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni.

"Mwambie alishiba," akasema.

Nikaingia ndani nikamwambia.